Ruta ya Koridoni

Nyumba tunayopanga Bellevue imekatwakatwa vyumba sita, na ruta ya kugawa mtandao ni moja, imepigiliwa ukutani koridoni karibu na choo. Mwenye nyumba aliifunga, akatuachia pamoja na taa zake nne bila maelezo, akaenda zake. Basi tukajifundisha wenyewe. Nyumba nzima iliamini kwamba zile taa ni sawa na roboti za barabarani, maana huku taa za kuongozea magari tunaziita roboti, na kwa kuwa Johannesburg hata roboti nyekundu watu wanaivuka, hakuna aliyeiogopa nyekundu. Zikiwaka tatu za kijani na moja nyekundu, fundi cherehani wa chumba cha pili, Mkongo, mtu wa kanisa, alitangaza kwamba kijani imeshinda. Mtandao ukiendelea kukataa, anailaumu simu yako.

Dawa yetu ilikuwa moja: chomoa waya, hesabu hadi kumi, chomeka. Kila chumba kilikuwa na daktari wake, na hakuna daktari aliyemuuliza mwenzake. Mimi sikujali sana, mpaka baba aliposema atanipigia.

Baba yuko Tanga, mwalimu mstaafu, na alikuwa hajasema nami miaka mitatu. Kosa ni langu, silikatai. Nilimuaga kwamba naenda Dar wiki moja kufuata vitambaa vya biashara. Vitambaa nilinunua kweli, ila Johannesburg, na mpaka leo ninauza soko la Yeoville. Mama akiongea nami kwenye simu, baba anatoka nje kumwagilia maua ambayo hayapo. Halafu wiki ile mama akaninong'oneza: "Ijumaa baada ya sala, saa nane ya huku. Amekubali muonane kwa video. Lakini mwanangu, unamjua. Atapiga mara moja tu. Akikukosa, mimi simtajii tena jina lako."

Utaniuliza kwa nini nisitumie bando. Ndani ya zile kuta nene za zamani simu haishiki mtandao wake, na kusimama mtaani Bellevue umeinua simu unamtazama baba ni kumwalika kibaka naye aje amsalimie.

Ijumaa sikwenda sokoni. Saa nane ya Tanga ni saa saba yetu, na saa sita na nusu nilishavaa gauni la heshima na mtandio. Kufungua simu, mtandao hakuna. Nikatoka koridoni: taa yenye picha ya dunia inawaka nyekundu. Nikachomoa, nikahesabu kumi, nikachomeka, nikarudi kupaka wanja. Jicho moja tu, nikatoka tena: inapepesa. Nikachomoa. Nilifanya hivyo mara tatu, nikimtukana kimoyomoyo kila aliyehusika, kuanzia mwenye nyumba hadi aliyevumbua umeme. Mara ya nne nikamkuta fundi pale, macho kafumba, mkono mmoja juu ya ruta akiikemea kwa sauti ya ibada, mkono wa pili umeshika waya.

"Mama, hapana ogopa," akasema. "Minaizima kidogo tu. Nimekwisha kuizima mara mingi."

Mlango wa chumba cha tano ukafunguka. Ni yule dada Mkenya anayesoma chuo kikuu Braamfontein. Anasomea sheria, si kompyuta, lakini nyumba ile ndiye pekee anayesoma maandishi madogo.

"Kwani ni nyinyi?" akasema. "Na mimi nimeizima mara mbili, nikidhani imekwama."

Akaingiza vidole nyuma ya ruta, akatoa karatasi iliyokuwa bado kwenye nailoni yake. Akatusomea. Dunia nyekundu: laini ya nje haijaingia. Kijani inayopepesa: inaitafuta laini, subiri dakika tano. Kijani iliyotulia: tayari.

"Kupepesa si ugonjwa," akasema. "Inaamka. Sisi kila ikifungua macho tunaipiga kofi."

Nilishikwa na hasira na aibu kwa pamoja. Ilikuwa saa saba kasoro dakika saba. Nikachukua mkasi wangu wa vitambaa, nikasimama mbele ya ruta, nikasema atakayegusa huu waya atanitambua. Mpangaji wa chumba cha tatu, mlinzi kwa kazi, alitoka na taulo lake, mkono tayari umenyooka kuelekea waya, akaona mkasi, akarudi ndani. Fundi akaomba ruhusa ya kuiombea kwa mbali. Nikamruhusu.

Niliogopa, nasema kweli. Taa ikawa nyekundu, ikazimika, ikaanza kupepesa kijani, ikapepesa, ikapepesa. Halafu ikatulia. Punde simu ikalia mkononi mwangu, palepale karibu na choo, mimi na wanja wa jicho moja.

Nikapokea. Baba alikuwa ameishika simu yake karibu mno, nikaona paji la uso na nusu ya miwani.

"Shikamoo, baba."

Kimya. Paji la uso halikusogea. Fundi akautazama waya. Nami nikageuka kuitazama taa: kijani, imetulia. Basi kimya kile hakikuwa cha mtandao, kilikuwa chake mwenyewe. Nikabaki nimesimama nacho.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Mbona umekonda?"

Mimi huyu, ambaye fundi aliyesimama pale kanitanulia sketi mara mbili mwaka huo. Fundi akafungua mdomo, dada Mkenya akamkanyaga mguu.

"Nimekonda kweli, baba," nikasema, na wanja ukaanza kunishuka shavuni.

"Basi kula," akasema. "Ijumaa ijayo nitakutazama tena."