Theluji Niliyoisoma Kwenye Simu

Namshukuru Njeru, mwongozaji wa wapandaji wa Mlima Kenya. Bila yeye, mteja wetu Daktari Atieno angevunjika mguu kwa sababu yangu.

Daktari alijifunza kuteleza thelujini kwa skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni, akiwa masomoni ng'ambo, na sasa alitaka kuteremka nazo mlima wa kwao. Kazi yangu, katika ofisi ya utalii hapa mjini, mtaa wa Hurlingham, ilikuwa kumwandikia hali ya theluji kila asubuhi. Njeru alikuwa juu, hapatikani. Basi nikafungua picha yake ya WhatsApp, nikaikuza theluji iliyo nyuma yake na kuandika: "Theluji nyingi, laini, haijapungua tangu jana." Siku nne mfululizo.

Siku ya tano Daktari alikuja kuaga, skii begani. Njeru akapata mtandao, akapiga simu, nami nikamweka kwa spika.

"Mwambie Daktari theluji ilivyo nyingi," nikasema kwa madaha.

"Theluji gani, dada? Huku ni mawe na barafu ngumu. Nani amekudanganya?"

"Si picha yako?"

"Hiyo ni picha ya profaili tu. Niliiweka msichana wangu alipozaliwa. Sasa yuko gredi ya sita."

Daktari aliegemeza skii kwenye meza yangu. "Asante sana, Njeru," akasema, akinitazama mimi.