Shukrani kwa Matokeo Nisiyoyaona

Nilimshukuru Mungu kwa matokeo ya mtihani ambayo sikuwa nimeyaona. Tena nilimshukuru kwa maandishi, kwa kalamu ya bluu na mwandiko wangu mwenyewe, ili asije akasema hakusikia.

Ilikuwa hivi. Nyumbani kwetu ni Lupiro, na pale mtaani kaya za Kikatoliki zina jumuiya yao ndogo inayokutana kila Jumamosi asubuhi, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Kuna daftari la nia: ukurasa wa kushoto ni wa shukrani, wa kulia ni wa maombi. Tangu nilipomaliza kidato cha nne kazi ya kuandika daftari hilo ilikuwa yangu, kwa sababu mwenyekiti wetu anasema macho yake ni ya kusomea tu, kuandika yanakataa.

Basi nilipomaliza mitihani ya muhula wa kwanza chuoni Ifakara, nilikuja likizo nimejaa maneno. Mama aliniuliza mtihani ulikuwaje, nikamjibu nimeupiga mwingi. Akataka kujua huo mwingi ni kiasi gani. Nikamweleza kwamba kila somo niliomba karatasi za nyongeza, na kwamba msimamizi alifika mahali akawa ananiletea bila kuombwa. Kwa mama hilo lilitosha, na kwangu pia. Kule sekondari tuliamini kwamba aliyejaza karatasi ndiye aliyefaulu, na aliyetoka mapema anawahi kuvua kambale. Jumamosi iliyofuata mama akainua mkono jumuiyani, akaomba baada ya wiki mbili sala iwe kwetu, ya shukrani kwa matokeo ya binti yake. Nami badala ya kukohoa nikaandika: "Shukrani kwa matokeo mazuri ya chuo." Neno "mazuri" mama hakulitaja. Hilo niliongeza mwenyewe.

Sasa nieleze matokeo hayo yalivyopikwa. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu huzaliwa na vipaji. Mimi nilizaliwa na mahali pangu jikoni, pale karibu na mlango, ambapo mtu anaweza kula huku anaona nani anapita njiani. Sekondari nilisoma ya kata, ya kwenda na kurudi kwa miguu. Kabla ya chuo, usiku pekee niliowahi kulala nje ya kwetu ni wakati wa mafungo ya kipaimara, na hata hapo nililia, nikawaambia wenzangu ni moshi. Nilipochaguliwa kusoma cheti cha kilimo, kitu cha kwanza nilichofurahia hakikuwa kilimo. Nilifurahi kwamba chuo chenyewe kipo Ifakara, ukivuka daraja tu umefika. Nikajipangia ratiba: Jumatatu hadi Ijumaa mchana mwanachuo, Ijumaa jioni hadi Jumapili mtoto wa mama. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akinibeba hakuhitaji hata kupigiwa simu. Ijumaa saa tisa alikuwa getini, injini inanguruma.

Wa kwanza kuitilia mashaka ratiba hiyo alikuwa jirani yetu, mama mtu mzima anayekausha samaki na kuwauza. Uzio kati yetu ni wa matete, na yeye hushinda upande wake akigeuza perege kwenye kichanja. Kila Ijumaa nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba huku akinipima kwa macho kuanzia viatuni kwenda juu.

"Hicho chuo kinanenepesha," aliniambia ilipokaribia Krismasi. "Wenzio wakienda kusoma wanarudi shingo zimetoka. Wewe unarudi na mashavu."

Nilidhani ananisifia.

Kilichokuwa kikitokea chuoni Jumamosi sikukijali. Mwalimu wa somo la udongo alikuwa na tabia ya kutoa majaribio Jumamosi asubuhi, nami nilikosa mawili. Niliyachukulia kama majaribio ya sekondari yetu, yale ambayo mwalimu anayakusanya, anayafungia kabatini, na panya ndio wanaosahihisha. Hakuna aliyenificha kwamba chuoni alama za majaribio zinajumlishwa na za mtihani wa mwisho. Ilisemwa siku ya kwanza kabisa. Tatizo ni kwamba siku ya kwanza kabisa nilikuwa nimekaa dirishani, nakadiria Lupiro iko upande gani.

Matokeo yalitoka Ijumaa, siku moja kabla ya ile sala. Mama alikuwa kibarazani na ungo mapajani, anachambua mchele wa wageni. Baba alikuwa bondeni kwenye mpunga, lakini alikuwa ameshatuma kambale wawili wakubwa wa shughuli. Kwetu mtandao unapatikana vizuri nyuma ya banda la kuku, kwa hiyo habari zote kubwa za familia yetu zimepokelewa tukivuta harufu ya kuku. Nikaenda huko, nikafungua mfumo wa chuo. Nikaona B moja, ya stadi za mawasiliano. Chini yake C tano, zimepangana kama watu wa foleni wasio na haraka. Na mwisho kabisa somo la udongo, D, na mbele yake maelezo kwamba nirudie mtihani. Mtihani huo wa marudio wanachuo tunauita sapu. Ukishindwa na hiyo sapu unarudia mwaka, maana yake unakwenda kukaa nyumbani mpaka mwaka mwingine wa masomo uanze.

Udongo. Mtoto wa wakulima wa mpunga, ambaye utotoni alikuwa anaula huo udongo mpaka akapelekwa zahanati, ameanguka somo la udongo.

Niwe mkweli. Nikiwa nimesimama pale na simu mkononi, mambo mawili yalinipita moyoni. La kwanza lilikuwa aibu, na hiyo niliitegemea. La pili lilikuja kwa kunyemelea, nalo lilikuwa furaha ndogo: nikishindwa na hiyo sapu, hakuna atakayeniambia nifunge mkoba Jumapili. Nitakaa. Hiyo furaha ndiyo iliyonitisha. Najijua. Mwaka mmoja wa kukaa nyumbani ungezaa wa pili, na wa tatu ungekuta nimeshazoea kusema kwamba chuo sikukipenda.

Mama aliniuliza kutoka kibarazani kama kuna habari. Nikasema mtandao unasumbua. Akarudi kwenye ungo wake, akaendelea kutoa kokoto moja moja.

Asubuhi niliamka nikiomba mvua. Mwezi wa tatu kwetu mvua haiombwi mara mbili, lakini siku hiyo jua liliwaka kana kwamba nalo limealikwa. Watu wakaja, mikeka ikatandikwa, mabenchi mawili yakaazimwa. Mama alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka. Baada ya nyimbo na somo, mwenyekiti akafungua daftari, akaisoma nia yangu kwa sauti, na lile neno "mazuri" akalitia uzito. Desturi yetu, mwenye shukrani husimama akaeleza mwenyewe alichotendewa. Nikasimama.

"Matokeo yametoka jana," nilisema. "Nina B moja, C tano na D moja. Hiyo D natakiwa kurudia mtihani. Mama hajui. Na neno mazuri niliandika mimi."

Kuku mmoja akapita katikati ya mikeka. Mwenyekiti alinitazama kwa juu ya miwani, kisha akalitazama daftari. Ni mtu wa utaratibu, na kilichomsumbua kilikuwa utaratibu: nia ikishaandikwa upande wa shukrani, inafutwaje? Wakaanza kulijadili, kwa upole kabisa, kama vile mimi sipo. Mmoja akaona B ishukuriwe, maana ni B. Mwingine akasema D ihamishiwe ukurasa wa maombi. Mwenyekiti akauliza hizo C tano sasa tunaziweka wapi.

Jirani yetu wa samaki alikuwa amekaa pembeni mwa mkeka. "C ziacheni hapo hapo zilipo," alisema. "Hazijamkosea mtu."

Watu wakacheka, nami nikacheka, na nikiwa katikati ya kucheka machozi yakaanza kunitoka na hayakutaka kusimama. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu akanipa ncha ya khanga yake bila kugeuza kichwa. Kisha nikapewa kalamu, nikaandika upande wa kulia: "Kuombea sapu ya udongo." Wakaisalia kwa dhati. Sijawahi kuona D ikipewa heshima kama ile. Halafu wakala wali wote, pamoja na ukoko.

Mama alingoja mpaka tulipokuwa tunaosha sahani. Akaniuliza kama jana, wakati anachambua mchele, nilikuwa najua. Nikasema ndiyo. Akaosha sahani mbili. Kisha akasema D haikumuuma, kwani yeye mwenyewe masomo yake yaliishia darasa la saba. Kilichomuuma ni kwamba nilikuwa na siku nzima ya kumwambia yeye mmoja, nikaona afadhali niwaambie watu wote.

"Ukienda safari hii," alisema, "usirudi mpaka huo mtihani uishe. Nikikuona mlangoni Ijumaa, nakugeuza."

Ijumaa ya kwanza nilijikuta nimeshafunga mkoba kabla akili haijaniambia kwamba siendi kokote. Kijana wa bodaboda alikuwa getini. Nilipomwambia sisafiri, aliuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna ugomvi. Nikasema kuna mtihani. Akaondoka anatikisa kichwa, na nadhani hakuniamini.

Jumamosi za chuoni zilikuwa ndefu. Wenzangu walikuwa wameshajua kuziishi; wanafua, wanasukana, wanabishana mpira. Mimi sikujua hata mikono yangu niiweke wapi. Mchana tulikula ugali na maharage, jioni maharage na ugali. Jumapili baada ya misa ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu saa ile ile najua mama anaepua sufuria, na najua ni sufuria ipi.

Nilikwenda kwa mwalimu wa udongo. Akafungua karatasi yake ya alama, akanionyesha vyumba viwili vitupu mbele ya namba yangu. Hakunigombeza. Alisema ule mtihani wa mwisho nilioujaza karatasi zote zile ulikuwa na maneno mengi na udongo kidogo. Akanishauri nianze na lililo rahisi, kuutambua udongo kwa mkono: unaulowesha, unauviringisha kiganjani kama kamba, unaangalia unafika wapi kabla haujakatika.

Jioni nikampigia mama, nikamsimulia habari za kuviringisha. Akauliza kama chuo kizima kimejengwa kwa ajili ya jambo hilo. Halafu akaanza. Ule mweusi wa kule chini karibu na maji, alisema, ukiulima unashika jembe mpaka ulikwangue kwa kijiti, na kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza kidole. Ule wa juu kwenye mihogo haushiki kitu, mvua ikinyesha asubuhi mchana umeshasahau. Nikatafuta kalamu. Tangu siku hiyo kila jioni tulikuwa tunaongea udongo. Mimi nasoma kwenye daftari, yeye ananiambia huo uko shamba la nani. Tulipofika kwenye ule unaoviringika nusu ukakatika, akasema huo ndio wa nyuma ya banda la kuku. Ndio niliokuwa nimeukanyaga siku ile ya matokeo, nasoma D ya udongo kwenye simu, wala sikuinama kuugusa.

Kwenye sapu, swali la pili lilitaka tueleze namna ya kutofautisha mfinyanzi na kichanga ukiwa shambani bila vifaa. Niliandika kuhusu jembe na kijiti. Sikuomba karatasi ya nyongeza. Nikapata C. Utaratibu wa chuo ni kwamba sapu, hata uiandike vizuri namna gani, haivuki C. Kwa hiyo ile ilikuwa C ya juu kabisa inayopatikana, na nilipanga kumweleza hivyo kila nitakayekutana naye njiani.

Ijumaa baada ya matokeo hayo kijana wa bodaboda alinibeba bila kuuliza kitu. Nilikuta nyumbani pamefungwa. Mama nilishamwambia habari kwa simu, yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, naye alikuwa bado shambani. Nikaketi kibarazani na mkoba wangu. Upande wa pili wa uzio jirani yetu alikuwa anageuza samaki. Nikamwamkia, akaitikia, nikangoja aulize. Hakuuliza. Basi nikaanza mwenyewe, nikamwambia nimefaulu, nimepata C, nikamfafanulia kwa urefu kwa nini C ya sapu si sawa na C nyingine. Nilitaka kusifiwa, sifichi.

Akaweka perege chini. Akasogea mpaka kwenye matete, akanipima kuanzia viatuni kwenda juu kama kawaida yake, ila safari hii alipofika shingoni akachelewa kidogo.

"Mambo ya C zako mimi siyajui," alisema. "Ila umekonda. Sasa ndiyo naamini kweli ulikuwa chuo."