Betri za Redio ya Bibi

Zama za ruksa, biashara ya bidhaa za nje ilipofunguliwa, zilituletea hata Kitomanga vitu ambavyo hatukujua kama tunavihitaji. Mimi nililetewa na mjomba, mfanyabiashara wa Dar, gemu la mkononi: vitofali vinadondoka, unavipanga visijae. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilivipanga chooni, nilivipanga njiani kwenda chuoni kusoma Kurani, na nikifumba macho viliendelea kudondoka. Siku moja mbuzi walimaliza muhogo wote niliowekwa niulinde uani, nami nikashangaa wamekuja saa ngapi.

Shida ilikuwa betri. Gemu lilikula mbili, na redio ndogo ya bibi nayo ilikula mbili za saizi ileile. Bibi aliifungua mara moja tu kwa siku, mchana, kusikiliza matangazo ya vifo, maana dada yake alikuwa mahututi kule Somanga na simu hatukuwa nayo. Nikawa nabadilisha kimyakimya: zake kwangu, zangu zilizochoka kwake. Redio ikaanza kukoroma, mwisho ikanyamaza kabisa. Bibi akawa anazianika betri juani kwenye ungo, kando ya makopa ya muhogo.

"Vitu vya ruksa hivi, mjukuu wangu. Vinang'aa nje, ndani hamna kitu."

"Kweli, bibi," nikasema, nikiwa hatua ya saba.

Mchana mmoja akaja mtoto wa huyo dada yake. Bibi akamkaribisha kwa furaha, akamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Mgeni akamtazama kwa mshangao.

"Mama mdogo, mama tumemzika Jumanne. Tulitangaza redioni. Alifariki Jumatatu asubuhi, maziko tukayasogeza hadi kesho yake, tukikungoja wewe."

Bibi akakaa chini, palepale mlangoni. Akaitazama redio, akazitazama betri kwenye ungo, kisha akanitazama mimi. Gemu lilikuwa mkononi mwangu, linalia.

"Nipe hicho kidude."

Akatoa betri, akazitia redioni. Ikasema kwa sauti kubwa, safi. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nilitamani anichape yaishe. Hata kunigombeza hakunigombeza. Aliipakata redio akasikiliza matangazo, marehemu wa watu tusiowajua, mmoja baada ya mwingine, mpaka la mwisho, akingoja kama watarudia la dada yake.