Mama Nyuzi anaitafuta nusu ya shairi

Saa tatu asubuhi, Mama Nyuzi anachomoa waya wa friji. Habani matumizi. Friji hiyo inanguruma kama mtu mwenye mafua, na maikrofoni ya chumba cha pili haina adabu ya kuchagua: inachosikia ndicho inachobeba.

Kisha anatoka uani na ufagio, anawasogeza kuku wa jirani.

"Kuku wako leo watanyamaza au niongee nao kwa lugha wanayoielewa?" anauliza juu ya ukuta.

"Wewe rekodi tu, mama," sauti ya jirani inajibu. "Wakisikika, uwalipe kama wasanii wengine."

Anacheka kidogo, anaingia ndani, anafunga mlango. Akishafunga, kicheko kinabaki nje.

Chumba chenyewe ni kidogo. Kuta zimebandikwa trei za mayai hadi darini, dirisha limefunikwa blanketi. Kwenye kona kuna fundi wa sauti, kompyuta mapajani. Katikati, kwenye kiti cha plastiki, ameketi mume wake, mkono wa kulia umelala juu ya paja. Mtaa mzima unamwita Redio, maana katika maisha yake hakuwahi kunyamaza ila akiwa amelala, na hata hapo mkewe ana ushahidi tofauti.

Sasa ni mwaka wa pili Redio haongei.

Kabla ya hapo, wawili hawa walikuwa na kazi ambayo watu walishindwa kuipa jina. Redio alikuwa anasema mashairi. Si kuimba, kusema, kama mtu anayekueleza jambo zito akiwa amekushika bega. Mama Nyuzi alipiga gitaa chini ya sauti hiyo. Walirekodi kwa ajili ya harusi, mahafali na, zaidi ya yote, misiba. Familia ikifiwa ilikuja na picha na habari za marehemu, na baada ya siku chache ilirudi kuchukua shairi lenye muziki ndani yake. Kazi mbili kwa mwezi zilitosha kulipa kodi na ada za shule. Leo nyumba inaendeshwa na cherehani. Mama Nyuzi anashona sare za wanafunzi.

Namna yao ya kufanya kazi ilikuwa moja tu: sauti kwanza. Redio alianza bila kuhesabiwa, akaongeza mwendo alipotaka, akanyamaza alipotaka. Mkewe alimfuata.

"Nilikuwa nasikiliza pumzi yake," anasema Mama Nyuzi. "Akivuta ndefu, najua kuna mstari mrefu unakuja, nafungua nyuzi. Akivuta fupi, nakaa tayari kuacha. Sikuwahi kumtangulia hata mara moja. Ningemtangulia kwenda wapi, wakati mwenye njia ni yeye?"

Wazee wa ushairi hawakumpenda sana. Walimwambia shairi tangu zamani lina mahadhi yake na huimbwa. Redio alikuwa na jibu lake, na hakuchoka kulirudia: "Anayetaka kuimba aende bafuni, huko kuna mwangwi wa bure."

Lakini mtu huyo aliyewasemea marehemu wa mtaa mzima alikuwa na marehemu mmoja ambaye hakuwahi kumsemea. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alifariki akiwa bado hajaanza shule. Alishikwa na homa siku ambayo Mama Nyuzi alikuwa ameitwa kupiga gitaa harusini. Asubuhi ilionekana homa ya kawaida, akamwacha na baba yake. Jioni mvua ikanyesha, magari yakaadimika, akarudi kwa miguu na gitaa mgongoni.

"Nilipofika, nyumba ilikuwa kimya," anasema. Anainama, anafuta vumbi ambalo halipo kwenye gitaa. "Nyumba ya huyu mtu, kimya. Nikajua kabla sijavua viatu."

Nini kilisemwa ndani ya nyumba ile jioni hiyo, kabla hajafika? Mtoto alimwita? Alimlilia mama yake asiyekuwepo? Hakuwahi kuambiwa. Aliuliza mara ya kwanza, Redio akatoka nje. Aliuliza mara ya pili, Redio akaanza habari za mpira. Baadaye hakuuliza tena. Wakapata watoto wengine, wakazeeka pamoja, na swali likazeeka nao.

Mpaka siku moja Redio alipoingia chumba cha kurekodi bila kuitwa, akasema, "Washa. Nina la mtoto."

Alisema beti nne. Mama Nyuzi alimfuata kwa gitaa, pumzi kwa pumzi. Ubeti wa kwanza ni huu:

*Nilikuwa na kijana, mjanja wa kuchokesha,*
*Kulia kushoto tena, viatu hubadilisha,*
*Nikimwambia, hapana, huanza kunichekesha,*
*Leo viatu naona, sioni wa kuvichosha.*

Ubeti wa nne ulifika jioni ya homa, ukaishia mlangoni. Redio akavua vifaa vya masikioni. "Kilichobaki tutamalizia," akasema, akaenda kulala. Hakuwahi kuandika shairi kwenye karatasi. Yote alikuwa nayo kichwani.

Alfajiri aliamka na kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea, na kati ya maneno yote aliyokuwa nayo lilibaki moja: haya. Umekula? Haya. Unaumwa wapi? Haya. Wajukuu walidhani ni mchezo, wakafurahi sana kwa wiki moja.

Fundi wa sauti alikuja na wazo. Kuna programu ya kompyuta, alieleza, inayoweza kuiga sauti ya mtu. Rekodi za Redio zipo nyingi. Sauti ingetengenezwa na shairi likamaliziwa.

"Sauti utaiga," Mama Nyuzi alimwambia. "Na maneno? Kompyuta yako ilikuwa nyumbani kwangu siku ile?"

Fundi anakiri alijisikia mdogo kama kitufe. "Nilitaka kusaidia, mama," anasema. "Lakini alinipiga mahali."

Njia ilifunguka kwenye zahanati. Mtaalamu wa matamshi, kijana mwenye subira ya mvuvi wa ndoano, aliwaeleza kwamba sehemu ya ubongo iliyoumia ni ile ya kusema; kuimba kunaweza kupitia upande mwingine. Si kwa kila mgonjwa, alionya, ila wajaribu. Jioni hiyo Mama Nyuzi alichukua gitaa, akapiga wimbo waliokuwa wakiwabembelezea watoto. Redio akafungua mdomo, na maneno yakatoka. Yote. Mstari kwa mstari.

"Nililia," anasema Mama Nyuzi. "Yeye akakasirika."

Alikasirika kweli. Alirusha mto, akarusha kikombe kwa mkono wa kushoto, ambao bahati nzuri haujui kulenga. Mtu aliyewatuma waimbaji wote bafuni, sasa lugha yake yote imehamia huko huko. Kila mkewe alipogusa gitaa, aligeukia ukuta. Miezi ikapita hivyo.

Binti yao mdogo, anayesuka nywele saluni ya mtaa wa pili, alijaribu utani. "Baba, imba tu, hakuna anayekusikia. Na wanaokusikia hawajui muziki."

"Haya," akajibu Redio, akiangalia ukuta.

Ndipo Mama Nyuzi alipovuta kiti, akakaa kati ya mume na ukuta wake.

"Baba watoto, nisikilize," anakumbuka alivyomwambia. "Watoto wa watu umewasemea wote. Wa kwangu umemnyamazia. Kama aibu ya kuimba ni nzito kuliko yule mtoto, niambie hata kwa kichwa. Nitalifunika gitaa na sitakuuliza tena mpaka kufa."

Redio hakutikisa kichwa. Aligonga paja lake kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Siku ya kwanza ya kurekodi ilikuwa kichekesho cha huzuni. Mama Nyuzi aliketi na gitaa akimsubiri Redio avute pumzi, kama kawaida yao. Redio aliketi akisubiri gitaa, maana bila mahadhi hana neno. Mke akimngoja mume, mume akimngoja mke, na fundi akiogopa hata kukohoa. Rekodi ya asubuhi ile ipo mpaka leo: ni ukimya mtupu, na kuku.

"Ilibidi nijifunze upya," anasema Mama Nyuzi. "Kutangulia. Kumwonyesha njia ambayo mimi mwenyewe siijui. Napiga sauti moja, nasubiri, napiga ya pili. Nikiwahi, anapotea. Nikichelewa, anakata tamaa."

Wiki nyingi zimekwenda kwa neno moja, mawili. Leo, friji ikiwa imezimwa na kuku wakiwa wameshapewa onyo, fundi anainua kidole. Mama Nyuzi anaanza. Gitaa linatembea polepole, linasimama, linatazama nyuma. Redio anafumba macho. Sauti inayotoka si ile iliyomtajirisha kwa sifa. Ni nyembamba, ina mikwaruzo, inashika mahadhi kama mgonjwa anayeshika ukuta. Lakini maneno yamekamilika:

*Akanishika mkono, sauti yake ya chini,*
*Baba, punguza maneno, kelele za nini ndani?*
*Usiseme hata neno, mama yuaja njiani,*
*Nikauma yangu meno, nanyamaza hadi lini?*

Gitaa linakoma. Fundi anasahau kuzima mashine.

Mama Nyuzi halii. Anaweka gitaa sakafuni, anaushika ule mkono uliolegea na kuukandakanda, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo alikuambia unyamaze," anasema polepole. "Na wewe ukatii."

Redio anaitikia kwa kichwa. Machozi yanamshuka zaidi upande mmoja wa uso kuliko mwingine.

"Hakunililia?"

Anatikisa kichwa. Hapana. Anagusa sikio lake kwa kidole cha mkono wa kushoto, kisha anaonyesha mlangoni. Mtoto alikuwa anasikiliza.

Fundi anauliza kwa sauti ndogo kama kuna beti nyingine. Redio anafunga kiganja. Zimekwisha. Shairi linaishia kwenye swali.

Fundi anasema anaweza kulainisha ile sehemu ambapo sauti ya zamani ya kusema inakutana na hii ya kuimba, ili msikilizaji asishtuke. Mama Nyuzi anakataa. Ashtuke, anasema, wao walishtuka.

Vituo vya redio vya mjini vimesikia habari za rekodi hiyo na kuiomba, na kuna waliotaja malipo mazuri. Vitasubiri. Mama Nyuzi anasema shairi halijafika mwisho, na safari hii aliyebaki na maneno ni yeye, mwanamke ambaye sauti yake haijawahi kusikika kwenye rekodi hata moja ya mume wake. Wiki ijayo amemwita fundi tena. Gitaa ataliweka mbali, maana anataka kusema.

"Yeye ameshatoa ya ndani ya nyumba," anasema. "Lakini mtoto alisikia mtu njiani, na ile mvua, na yale matope, na nilivyokimbia, huyu hayajui. Hakuwahi kuniuliza. Ya njiani nayajua mimi."

Redio anageuza kiti chake, kwa tabu, mpaka anamtazama mkewe uso kwa uso. Kisha anatulia kusikiliza.