Umeme wa Mawimbi ya Singidani

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa fundi baiskeli ambaye hakuwahi kurudisha baiskeli ikiwa na vyuma vyote ilivyokuja navyo. Kabla ya kuoa kwetu Singida alibeba mizigo bandarini Tanga, na huko akapata ugonjwa wa kuyaonea uchungu mawimbi.

"Shemeji," aliniambia, "yale maji yanapiga ukuta mchana kutwa, bure kabisa. Na sisi tunaimbishwa uhuru na kazi!"

Bahari hatukuwa nayo. Tulikuwa na Ziwa Singidani, maji yake ya chumvi, na upepo wa mchana unaovua watu kofia. Akaona panatosha. Alifunga pipa tupu kwenye ncha ya mti mrefu, akaliacha lielee karibu na ukingo. Wimbi likiinua pipa, mti ulivuta mnyororo, mnyororo ukazungusha gurudumu la baiskeli, na dainamo ikawasha taa. Mimi nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima, hivyo nikapewa kazi ya kuwaeleza wanakijiji. Sikuelewa lolote, lakini nilieleza vizuri sana.

Siku ya majaribio kijiji chetu cha ujamaa kiliacha majembe. Taa iliwaka kweli! Ila jua la saa tisa lilikuwa kali, hakuna aliyeona kitu. Dada akaleta blanketi, tukaifunika taa, watu wakaingiza vichwa mmoja mmoja. Bibi mmoja alikaa humo mpaka wakamvuta.

"Nimeiona," alisema. "Inakonyeza."

Mwenyekiti wa kijiji alikataa kuingiza kichwa kabla ya hotuba. Akahutubia juu ya ubeberu, kujitegemea na uchimbaji wa vyoo. Alipofika kwenye vyoo upepo ulishakufa, ziwa limelala kama uji uliopoa. Ndipo akainama, akaingia blanketini. Alikaa humo muda mrefu, makalio yametuelekea sisi wananchi.

"Umeona, ndugu mwenyekiti?" shemeji aliuliza kwa hofu.

"Mwanga mkubwa sana!" akajibu, akitoka na jasho.

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Basi mwenyekiti akapeleka taarifa wilayani kwamba kijiji kina umeme wa mawimbi. Baada ya wiki chache akaja bwana mmoja kutoka huko, redio kwapani, akitafuta pa kuichomeka. Akakuta chumvi imeshalitoboa pipa, limezama. Mwenyekiti akamnyooshea kidole shemeji.

"Mkubwa," shemeji akasema, "mimi niliwasha taa ya baiskeli tu. Ule mwanga mkubwa aliuona mwenyekiti. Muulize aliuweka wapi."

Yule bwana alicheka mpaka akaomba maji ya kunywa, kisha akaenda zake. Shemeji alilivuta pipa nchi kavu, akakata upande uliosalia mzima, dada akapata karai la kufulia. Chakula aliendelea kula kama kawaida, lakini habari za Tanga hakuzisimulia tena.