Sababu Nyingine Halali

Apolinaria Kasimiri aliwapikia uji watoto mia moja na arobaini wa shule moja ya binafsi kule Ipuli, Tabora, na kwa miaka miwili hakuna hata mmoja aliyeumwa tumbo. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye hakuna aliyelikumbuka. Ulezi aliuchekecha mwenyewe, karanga alizichambua moja moja, na badala ya sukari alitia asali. Watoto walimwita Mama Uji. Mwalimu Mkuu, Recheli, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha hata anaposalimia, alikuwa na kikombe chake cha bati humo jikoni, na kila siku saa nne asubuhi alikunywa viwili.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya binti yake, Sayi, asome hapo bila ada. Ukimwondolea Apolinaria hiyo kazi, alibaki na karatasi tu. Zilikuwa kurasa kumi na tisa ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya khanga, sandukuni. Miaka ya nyuma, kule Nzega, mtoto wa mke mwenzake alikula mlenda kwake mchana, jioni akafa, na watu wakasema sumu. Apolinaria akahukumiwa kunyongwa. Alikaa gerezani miaka sita akiingoja kamba, hadi majaji wa rufaa waliposema kwamba hiyo sumu hakuna daktari wala mkemia aliyewahi kuiona, wakamwachia. Ukurasa wa mwisho wa hukumu yao aliujua kwa kichwa. Kuna watu wenye picha ya harusi ya kutazama wakihuzunika. Yeye alikuwa na huo.

Ipuli hakumwambia mtu. Hakuna aliyemuuliza.

Ndipo akaja Tobias, bwana wa miaka thelathini aliyesomea kompyuta Dar es Salaam na kurudi na viatu vilivyochongoka. Alikuwa ametengeneza mfumo unaoingia wenyewe kwenye tovuti ya hukumu, zile zilizo wazi kwa kila mtu, ukizoa majina na makosa na kuyapanga kwenye orodha. Wenye shule na maduka walilipia ili wawajue watu wao. Mfumo ulisoma ukurasa wa kwanza tu wa kila hukumu, penye jina, kosa na adhabu inayokatiwa rufaa. Tobias aliulizwa kwa nini, akajibu kwamba majina yote yako ukurasa wa kwanza na zilizobaki ni porojo za wanasheria. Enzi za wapagazi, habari ya mtu ilichukua miezi mitatu kufika Tabora, na angalau aliyeileta alikuwa ameisikia yote.

Mwalimu Recheli alimwita Apolinaria ofisini asubuhi, uji ukiwa bado jikoni. Tobias alikuwa amekaa na kompyuta mapajani.

"Shikamoo, mama," alisema Tobias.

"Marahaba, baba."

"Mama Sayi, keti," alisema Mwalimu. "Hiki chombo cha Tobias kimetoa jina kama lako. Apolinaria Kasimiri, mauaji, kunyongwa hadi kufa. Nimemwambia haiwezekani. Tabora hii akina Kasimiri wamejaa kila kona. Sema tu siyo wewe, afute, turudi kazini."

Mwalimu alikuwa anamwomba kabisa. Neno moja lingetosha, na hata Tobias alikuwa ameshaweka kidole tayari. Lakini Apolinaria alikuwa ameingoja siku hii tangu mlango wa gereza ufunguke: mtu amuulize, naye amwonyeshe. Moyo ulimruka kwa furaha, masikini.

"Ni mimi, Mwalimu. Nisubirini."

Alikwenda nyumbani karibu anakimbia, akarudi na mfuko wa nailoni. Akafungua ukurasa wa mwisho, akasimama wima kama anayesoma somo kanisani. "Hatia inafutwa na adhabu inatenguliwa. Mrufani aachiwe huru mara moja, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali."

Mwalimu aliichukua karatasi, akarudia mstari ule kimyakimya, mdomo ukicheza.

"Sababu nyingine ipi?"

"Hakuna, Mwalimu. Wanamwandikia kila mtu hivyo."

"Majaji wazima waandike kitu bure? Una kesi nyingine, Mama Sayi?"

"Sina. Ni maneno yao tu."

"Kumbe yale ya kukuachia ni ya kweli, ila haya ndiyo maneno tu?"

Apolinaria aliinama kuitazama tena karatasi mkononi mwa Mwalimu. Sentensi aliyoisoma mara elfu ilikuwa imemgeuka mdomoni.

Tobias alisema watairekebisha taarifa. "Shika karatasi, mama, inua kidogo, uso uonekane." Apolinaria aliposikia kurekebisha, alijipangusa jasho, akanyoosha shingo, akatabasamu. Tobias akampiga picha, akaiweka kwenye orodha, akaandika neno moja pembeni ya jina: *Imethibitishwa*.

Hawakumfukuza; walimwambia apumzike, na ada ya Sayi ilianza muhula uleule. Siku ileile, alipopita jikoni kuchukua khanga yake, alimkuta mlinzi akimwaga uji shimoni, sufuria nzima, na Mwalimu Recheli nyuma ya choo, vidole kooni, akijitapisha vikombe viwili vya miaka miwili.

Wiki tatu baadaye Sayi alikuwa ameshatolewa darasani mara mbili kwa kukosa ada. Apolinaria akaenda Kanyenye, kwenye mgahawa wa Asmahani, aliyekuwa akitafuta mpishi. Akapewa mchele na nyama, ajaribiwe. Asmahani aliketi mezani akala, akafumba macho, akaongeza.

"Mkono unao, mwanangu. Jina lako kamili nani?"

Akamtajia. Asmahani akafuta vidole, akabonyeza simu, akaifungua ile orodha ya Tobias, akatulia, shavu limejaa.

Safari hii Apolinaria alikuwa amejifunza. Alijibu kabla hajaulizwa. "Siyo mimi, mama. Majina yanafanana tu."

Asmahani akaigeuza simu. Alikuwamo mwanamke mwenye karatasi chini ya kidevu, shingo ameinyoosha, anatabasamu kuliko siku zote za maisha yake.

"Na huyu ni nani?"

Asmahani alikuwa bado na wali mdomoni. Aliutema.