Vioo vya Upande wa Barabara

Mama alikuwa akishona sare za shule pale Lumakanda, na shida yake ilikuwa mwanga. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa na dirisha moja la mbao. Ukilifungua upepo unapeperusha vitambaa, ukilifunga huoni tundu la sindano. Basi alikuwa akishonea nje, na mvua ya alasiri ikimkimbiza, kazi ya siku imeishia hapo.

Kaka yangu alipopata ualimu kule Bukura, akamjengea nyumba ya matofali. Na vioo, jamani, vipana kama vya duka, vyote vya mbele, vimegandishwa kwa puti, havifunguki. Kwetu nyumba huangalia barabara, na barabara iko magharibi. Kioo cha nyuma, kinachotazama jiko na choo, nani angekiona? Fundi alisema hivyo, na sisi sote tukaitikia.

Asubuhi palikuwa pazuri kweli. Lakini ikishapita saa saba, jua liliingia moja kwa moja, maana paa lilikuwa na upenu mfupi mno. Kioo kinakaribisha joto ndani, kulitoa hakijui. Kitambaa cheupe kiliyachoma macho ya Mama, na jasho likadondokea makola. Usiku nako, kioo kile chembamba kilitupa baridi ya kwetu Lugari kana kwamba hakuna kitu pale. Mwishowe Mama akatundika blanketi dirishani, na giza tulilolihama likatufuata.

Nilimwambia amweleze kaka. Akakataa. Nilikasirika, sifichi, mimi ndiye niliyekuwa nikimwona akijichoma vidole. Kila kaka alipotuma habari kwamba anakuja, blanketi lilishushwa, likakunjwa, Mama akaketi pale kwenye jua akitabasamu.

Siku moja kaka alikuja bila kutuma habari. Saa tisa mchana, jua linawaka nje, akamkuta mama yake ndani ya nyumba ya vioo, ameinamia cherehani, amewasha koroboi.

Alifunua pembe ya blanketi pale dirishani, jua likamwingia machoni. Kisha akauliza, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Mama alikata uzi kwanza. "Wanaopita hapo barabarani wanakusifu kila siku, mwanangu. Wanasema, tazama mtoto alivyomtunza mama yake. Mimi nakuwanga hapa ndani nasikia."

Kaka aliketi sakafuni akalia, mtu mzima yule, na hasira yangu yote ikaisha.

Likizo iliyofuata kaka na fundi walitoboa dirisha la kufunguka upande wa nyuma, na mbele wakaongeza veranda yenye paa refu la mabati. Fundi alinung'unika kwamba sasa vioo vitafichwa na kivuli. Ni kweli, vilifichika. Wapita njia wakaacha kusema lolote kuhusu nyumba yetu, na Mama akawa anashona mpaka jioni, mvua inyeshe isinyeshe.